Ugali Peke Yake Hautoshi: Historia ya Protini na Mtoto Aliyevimba

  Leo tutasimulia historia. Msidhani historia ni ya wafalme na vita tu, hata sahani ya ugali ina historia yake.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili, uso wake umejaa, mashavu yamelegea, miguu imevimba. Nywele zimekuwa nyepesi na zimegeuka rangi, nyekundu kidogo. Hachezi, hacheki, hata chakula hakitaki. Jirani anapita njiani na kusema, "Mtoto amenona huyu." La, hajanona. Yale ni maji. Ukiubonyeza mguu wake kwa kidole gumba kisha ukaachia, kishimo kinabaki. Mtoto huyo ana njaa, ingawa jana jioni alikunywa uji akashiba.

Je, inawezekanaje mtu ashibe na bado awe na njaa? Hilo ndilo swali letu leo. Wataalamu walichukua zaidi ya miaka mia moja kulijibu, na jibu lao lilipitia Marekani, Ujerumani, Uingereza, Ghana na Uganda kabla ya kufika jikoni kwetu hapa Kakamega.

TUMBO LENYE DIRISHA

Mwezi Juni mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko kaskazini mwa Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu, naye akapona, lakini kidonda hakikufunga vizuri. Kilibaki kitundu kilichoingia moja kwa moja hadi tumboni. Daktari akaona hapo pana dirisha. Alifunga kipande cha nyama kwa uzi, akakiteremsha ndani, akakivuta nje baada ya saa moja, mbili au tatu, akaangalia kilivyobadilika. Pia alichota maji ya tumbo, akayatia katika chupa pamoja na nyama, akayaweka mahali penye joto. Nyama ikayeyuka hata nje ya tumbo.

Mwaka 1833 Beaumont alichapisha kitabu chake. Kabla ya hapo wapo walioamini kwamba tumbo husaga chakula kama kinu cha posho, basi. Yeye alionyesha kwamba tumbo hutoa maji yenye asidi kali, na maji hayo ndiyo yanayokiyeyusha chakula. Mwaka 1836 Mjerumani Theodor Schwann akatambua ndani ya maji hayo kitu kinachokatakata nyama, akakiita pepsini. Na mwaka 1838 mkemia wa Uholanzi, Gerardus Mulder, akaandika kuhusu kitu kinachopatikana katika yai, katika damu, na hata katika nafaka. Akakiita protini, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kwanza, kitu kinachotangulia.

SHANGA ZINAKATWA, SHANGA ZINATUNGWA UPYA

Sasa tufuate safari yenyewe. Chukua protini kama mkufu wa shanga. Shanga hizo huitwa asidi amino, nazo ziko aina 20. Maharagwe yana mkufu wake, omena ina wake, maziwa yana wake. Tofauti ni mpangilio wa shanga na idadi ya kila aina.

Mdomoni meno husaga chakula, lakini mkufu bado haujakatwa. Tumboni asidi huulegeza mkufu, na pepsini huanza kuukata vipande virefu. Vipande hivyo vikiingia katika utumbo mwembamba hukutana na maji kutoka kwa kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Maji ya kongosho huvikata vipande viwe vifupi zaidi, kisha ukuta wa utumbo wenyewe humaliza kazi. Mwaka 1901 Otto Cohnheim, huko Ujerumani, aligundua kwamba ukuta wa utumbo unaweza kukata vipande hivyo hadi shanga moja moja. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuelewa kwamba mwili haubandiki nyama ya kuku juu ya nyama ya mtu. Huubomoa mkufu wote kwanza, kisha hutunga wake.

Shanga hizo huingia katika damu na kufika kwenye ini. Kutoka hapo mwili huzitunga upya: nyingine zinakuwa misuli, nyingine ngozi na nywele, nyingine askari wa damu wanaopigana na malaria na surua. Ini hutengeneza protini moja iitwayo albumini, ambayo husaidia kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa ya damu. Hata pepsini na maji ya kongosho tuliyoyataja ni protini. Kila siku mwili wa mtu mzima hubomoa na kujenga upya takriban gramu 250 hadi 300 za protini, ingawa mtu wa kilo 60 anahitaji kula kama gramu 50 tu kwa siku. Nyingine zote ni shanga za zamani zilizotungwa tena.

Lakini mwili hauna ghala la shanga za ziada. Ukila kupita kiasi, zinazobaki huchomwa kama kuni, na takataka yake hutolewa na figo kupitia mkojo. Kwa hiyo kula nyama nyingi siku ya Krismasi hakukulindi hadi Pasaka. Protini ni jambo la kila siku.

PANYA WALIOKULA MAHINDI

Hapa historia inaanza kutukaribia. Kati ya shanga zile 20, kuna 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza kabisa. Lazima zitoke kwenye chakula. Ikikosekana moja tu, kazi ya kutunga inasimama, hata kama nyingine zimejaa tele. Ni kama fundi anayeshona sare za shule. Akiwa na kitambaa na uzi lakini vifungo hana, shati haliishi.

Mwaka 1906, nchini Uingereza, Frederick Gowland Hopkins na Edith Willcock waliwalisha panya wadogo chakula ambacho protini yake yote ilitoka katika mahindi, protini iitwayo zeini. Panya hao walidhoofika na kufa. Wengine walipoongezewa shanga moja, triptofani, waliishi muda mrefu zaidi, lakini hawakukua. Mwaka 1914 Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel wakaongeza shanga ya pili, lisini. Panya wakaanza kukua.

Umesikia, ndugu msikilizaji? Mahindi yana protini, tena si haba. Unga wa mahindi una takriban gramu 8 au 9 za protini katika kila gramu 100. Lakini shanga mbili kati ya zile muhimu ni chache mno ndani yake. Haya yalijulikana mwaka 1914, wakati ambapo hapa kwetu mahindi yalikuwa bado yanaenea.

MAHINDI YALIVYOTUFIKIA

Mahindi si mmea wa asili wa Afrika. Yalitoka bara la Amerika na kuletwa pwani yetu baada ya Wareno kufika. Kwa muda mrefu wazee wa huku Magharibi walitegemea wimbi na mtama. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na serikali ya kikoloni ikahimiza mazao ya kuuzwa, mahindi meupe yakaenea haraka. Mahindi hayahitaji kulindwa dhidi ya ndege kama mtama, na kupalilia kwake si kugumu kama kwa wimbi.

Kisha dhahabu ikagunduliwa hapa Kakamega mwaka 1931. Maelfu ya vijana walikwenda kuchimba, na katika kambi za vibarua chakula cha mgao kilikuwa unga wa mahindi. Ndiyo maana hadi leo neno posho, ambalo maana yake ni mgao, kwa watu wengi limekuwa jina la unga wenyewe. Baada ya uhuru, mwaka 1964, wataalamu wa Kitale walitoa mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ya Kenya, na magunia yakaongezeka. Kuanzia mwaka 1973 kiwanda cha Mumias kikaanza kusaga miwa, na mashamba mengi yakageuzwa kuwa ya miwa. Mahali palipopandwa kunde na njugu pakapungua.

Tusiyalaumu mahindi. Yamewatoa watu wengi katika baa la njaa. Na wimbi nayo ina upungufu wa lisini, ingawa inayashinda mahindi kwa madini ya chokaa yanayojenga mifupa. Kosa halikuwa kula mahindi. Kosa lilikuwa kuyaacha mahindi peke yake sahanini.

MTOTO ALIYEONDOLEWA KWENYE ZIWA

Wa kwanza kulipia kosa hilo huwa ni mtoto. Miaka ile ile dhahabu ilipogunduliwa hapa kwetu, daktari mwanamke mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto wa mwaka mmoja hadi minne wakivimba, ngozi ikibambuka, nywele zikibadilika, na wengi wakifa. Wakubwa wa tiba walikuwa na majina yao ya kitabuni kwa maradhi hayo. Yeye aliwauliza wenyeji wanayaitaje. Wakamwambia kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa.

Jina hilo lilibeba maelezo yote. Mama amepata mimba nyingine, mtoto ameachishwa ziwa, na badala ya maziwa anapewa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1933 Dakta Williams alichapisha ripoti kuhusu ugonjwa huo wa watoto wanaolishwa mahindi, akaandika kwa tahadhari kwamba huenda chanzo chake ni upungufu wa asidi amino au protini. Madaktari wengine walimpinga, wakisema ni pelagra tu, ugonjwa mwingine unaohusishwa na mahindi.

Hapa Afrika Mashariki, Dakta Hugh Trowell, aliyekuja Kenya mwaka 1929 na baadaye akahamia hospitali ya Mulago, Kampala, naye alikuwa akiwaona watoto kama hao. Mwanzoni alifikiri ni aina ya pelagra. Baadaye akabadili mawazo, na mwaka 1954 yeye pamoja na wenzake wawili, Davies na Dean, wakachapisha kitabu kizima kuhusu kwashiorkor. Huyo Davies alikuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti, na alilogundua ni la kusikitisha. Kongosho za watoto hao zilikuwa zimesinyaa, na maini yao yamejaa mafuta.

Tafakari maana yake. Kongosho ndiyo hutoa maji ya kukata mkufu wa protini, na maji hayo yenyewe hutengenezwa kwa protini. Mtoto akikosa shanga, kongosho hukosa cha kutengenezea mikasi. Akikosa mikasi, hata chakula kizuri akipewa, kukikata ni shida. Ndiyo sababu mtoto aliyevimba akicheleweshwa nyumbani huenda asirudi.

Kule Buganda maradhi haya yaliitwa obwosi, na watu walisema mimba mpya ndiyo inayomdhuru aliye mgongoni. Wazee hawakukosea kuona kwamba mimba na ugonjwa huandamana. Ila kilichomdhuru mtoto si wivu wa aliye tumboni, wala mwiko uliovunjwa, wala jicho la jirani. Ni kile kilichokuja kikombeni baada ya ziwa kuondoka. Katika miaka ya 1960 hospitali ya Mulago ilianzisha kituo cha Mwanamugimu, ambako akina mama walikaa na watoto wao na kujifunza kupika kitobero, mchanganyiko wa ndizi, maharagwe, karanga, samaki au maziwa, vyote katika chungu kimoja. Mama aliporudi kwake, hakubeba dawa tu. Alibeba ujuzi.

WATAALAMU NAO HUKOSEA

Baada ya hapo dunia nzima ikashikwa na homa ya protini. Umoja wa Mataifa uliunda kamati, viwanda vikatengeneza unga wa samaki na vyakula vya bei ambayo maskini hangeweza kuimudu. Mwaka 1974 daktari mmoja, Donald McLaren, akaandika kwa ukali kwamba mambo yalikuwa yametiwa chumvi. Alikumbusha kwamba watoto wengi hukosa chakula kwa jumla, si protini peke yake. Alikuwa na hoja. Mwili usipopata nguvu za kutosha kutoka kwa ugali, viazi na mafuta, huzichoma zile shanga kama kuni. Ni kama kuchoma viti ili kuchemsha chai.

Hata leo wataalamu wanajua kwamba kuharisha, surua, minyoo na viini vilivyomo utumbo vinachangia mtoto kuvimba. Na hospitalini tiba imebadilika. Mtoto aliyevimba hapewi nyama na mayai mara moja. Huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa kuwa ini na kongosho zimechoka, huku akitibiwa maambukizi na kukingwa baridi. Akipata nafuu ndipo huongezewa, pengine kwa ile siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini.

Kwa hiyo, mama na baba, ukiona miguu yote miwili ya mtoto imevimba na kishimo kinabaki ukibonyeza, usijaribu kumtibu kwa supu nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje siku ya soko ipite.

TURUDI JIKONI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kukhu zetu walilijua bila kusoma habari za panya. Mahindi yana uhaba wa lisini, maharagwe yanayo tele. Maharagwe yana uhaba wa shanga nyingine iitwayo methionini, na mahindi yanayo. Ukivila pamoja, kila kimoja kinajaza pengo la mwenzake. Ile githeri, ambayo wengine wetu tunaiita mahengere, ni jibu la swali lililowatesa wataalamu tangu mwaka 1906, nalo lilikuwa chunguni. Ugali kwa omena, ugali kwa kunde, ugali kwa maziwa ya mgando, na kumbikumbi mvua zinapoanza, yote ni jibu lile lile. Mboga za mrenda na saga ziendelee kuliwa kwa vitamini na madini yake, lakini zisiachiwe kazi ya maharagwe.

Pia kuna tuliyoyarithi ambayo hayakutusaidia. Zamani mwanamke wa Kiluhya hakula kuku wala mayai. Kuku alipochinjwa, firigisi ilikwenda kwa mzee, mapaja kwa wageni, na aliyempika akabaki na harufu. Leo mwiko huo umelegea sana, lakini katika maboma mengine mnofu bado unafuata umri na cheo. Tufikirie: nani katika nyumba anajenga mwili mpya? Ni mama mjamzito, mama anayenyonyesha, na mtoto mdogo. Mzee ameshajengwa, yeye anafanya ukarabati tu. Hata maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa katika shule za msingi mwaka 1979 na ambayo wengi wetu tunayakumbuka kwa furaha, hayakumfikia mtoto wa miaka miwili, maana yeye hakuwa na darasa. Huyo analindwa nyumbani, au halindwi kabisa.

Na halindwi kwa gharama kubwa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban gramu 13 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Omena iliyokaushwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini.

Kwa hiyo shikeni haya. Endelea kumnyonyesha mtoto hadi atimize miaka miwili au zaidi, na akifikisha miezi sita umwanzishie chakula laini. Uji wake usiwe maji matupu. Uwe mzito, na utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa ambazo hazina ukungu, au unga wa omena, pamoja na mafuta kidogo. Mlishe mara nyingi kwa siku, kwani tumbo lake ni dogo. Maharagwe yaroweke, mwaga maji yale, kisha uyachemshe hadi yaive kabisa, kwa sababu maharagwe mabichi yana kitu kinachozuia maji ya kongosho kufanya kazi, tena yanaweza kumtapisha mtu. Yakishaiva, yaponde, na kwa mtoto mchanga uondoe maganda. Na panga uzazi, ili anayenyonya asiondolewe mahali pake kabla hajawa tayari.

Daktari mgeni aliwauliza akina mama wa Ghana jina la ugonjwa, nao wakamwambia na chanzo chake. Kwa hiyo wewe mama unayenisikiliza huko Khayega, usidhani elimu hii ni ya wenye makoti meupe peke yao. Leo jioni utakapokoroga ugali, angalia kando ya sufuria. Kuna nini pale pembeni? Na kile kilichopo, mtoto mdogo kuliko wote atapata kiasi gani?